Niwekee, Nivalie, Niuzie

Hapo zamani, na si zamani za majini na wafalme bali zamani za juzi tu, ambazo mashahidi wake bado wanakunywa chai kila asubuhi, palikuwa na mji wa kisiwani wenye mnada kila Alhamisi. Na mnada huo ulikuwa na dalali mwanamke. Jina lake Raya binti Mbwana. Kengele aliirithi kwa baba yake, aliyeishiwa sauti baada ya kunadi miaka thelathini, na siku ya kwanza Raya alipoishika wanaume walicheka hadi wakashikana mabega. "Dalali kavaa buibui," walisema. "Atauza nini, umbea?" Raya akauza vitanda. Akauza makabati. Akauza saa za ukutani zilizokwisha kufa, na mbuzi mmoja ambaye mwenyewe hakutaka kuuzwa. Wakanyamaza.

Mnada ulifanyika ndani ya bohari kuukuu la karafuu. Vilivyovuta watu hasa ni vitu vya kale: masanduku ya njumu, mabirika ya shaba, mikufu, hereni, vipini vya pua, na zaidi ya vyote bangili. Bangili zilizovaliwa harusini, zikavuliwa edani, zikavaliwa tena na mabinti. Basi mnajua karani wa mnada aliziandikaje daftarini? Fedha chakavu. Zote. Aliyeivaa awe nani, aliyeifua awe nani, chakavu, kisha uzito. Raya alilichukia neno hilo kama mtu anavyochukia kuitwa jina lisilo lake. Karani akisoma "fedha chakavu", yeye ananadi: "Bangili ya mtu hii. Bangili ya mtu, nani ataanza?"

Sasa bangili za hadithi hii zilikuwa za Bi Asya, mshona kofia, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto na ambaye kofia zake zilivaliwa na nusu ya wanaume wa mji, akiwemo baba yake Raya. Zilikuwa mbili, za fedha, nene kama kidole gumba, za kufunga kwa kipini. Nakshi yake ilikuwa mmea wa yasmini unaotambaa. Shina linaanzia bangili ya kushoto, linazunguka, linapotea ukingoni, kisha linatokea kwenye ya kulia na kumalizikia ua. Ukiitazama moja peke yake unaona mmea uliokatwa. Ukizitazama mbili, unaona yasmini nzima.

Mwaka mmoja wezi waliingia nyumba tatu za mtaa ule. Bi Asya akafungua kipini cha kwanza, akafungua cha pili, akaenda kwa jirani yake Salha, mwanamke wa rika lake.

"Shoga," akasema, "niwekee."

Salha akaweka. Alizifukia ndani ya debe la mchele, akaziweka miaka saba. Katika miaka hiyo mumewe alikwenda kutafuta kazi bara, akapata kazi na mke mwingine. Paa likabomoka upande wa jikoni. Mchele ukapungua, ukapungua, ukaisha, na bangili zikabaki peke yake chini ya debe, zikigonga bati kila Salha alipolisogeza. Alikula muhogo mkavu, na bangili ziko pale pale. Hakuuza. Hakuweka rehani. Hakumwambia hata Bi Asya kwamba debe ni tupu.

Wakati huohuo macho ya Bi Asya yalikuwa yakififia. Binti mmoja, Mize, aliyekuja kujifunza kushona kofia, akawa ndiye anayetunga uzi kwenye sindano. Kisha akawa ndiye anayepika. Kisha akawa ndiye anayeogesha. Hakuwa ndugu, hakulipwa, na hakuna aliyemwomba. Alipoposwa, Bi Asya akamwambia, "Kachukue bangili zangu kwa Salha. Siku ya harusi nivalie."

Mize akavaa. Watu wakaziona, wakaulizana ni za nani. Baada ya fungate akazifunga kwenye leso na kumrudishia mwenyewe. Bi Asya akaipapasa ile leso, akajua ni nini, akageukia ukutani.

"Nilikwambia nivalie," akasema. "Sikukwambia niazime."

Basi Mize akaendelea kuvaa, na mumewe alikaa nyumba ya pili tu, kwa hiyo kila asubuhi alifika kama kawaida. Bi Asya, ambaye sasa hakuona tena, alilala akizisikia zikigongana jikoni, na kwa mlio wake akajua Mize anaosha vyombo, au anapepeta, au amekaa tu anawaza. "Una nini leo?" humwuliza. "Bangili zimenyamaza."

Miaka tisa ikapita hivyo.

Mwezi wa Shaabani Bi Asya akazidiwa. Akatuma aitwe Raya. Raya akaja na buibui lake la vumbi la bohari, akaketi ukingoni mwa kitanda. Nataka mjue alivyoketi, maana maneno yote yaliyofuata yalitokana na hapo. Alikaa ubavu wa kushoto wa mgonjwa, na sikio lililokuwa karibu na kinywa cha Bi Asya lilikuwa lake la kulia. Na Raya alikuwa akipiga kengele kwa mkono wa kulia, mwaka wa kumi na mbili sasa. Sikio hilo lilikuwa limechoka. Yeye mwenyewe alilijua, na alilificha, kwa sababu dalali kiziwi ni mzaha unaojitunga wenyewe.

Bi Asya, kwa upande wake, hakuwa na meno ya mbele.

Mize alikuwa mlangoni. Bi Asya akamwambia azivue. Akafungua vipini kwa shida, maana mikono ilikuwa imenenepa tangu zamani zile za harusi. Bi Asya akazishika, akazipapasa ua na shina, akazitia katika kiganja cha Raya. Kisha akasema neno moja. Raya akasikia: "Niuzie."

"Una hakika, bibi?"

"Fanya haraka, mwanangu. Kabla ya Ijumaa."

Raya akaziweka mkobani. Hakushangaa. Alikuwa ameshawaona wazee wengi wanaouza cha mwisho ili wasiwaachie wengine mzigo wa sanda. Mize aliona zikiingia mkobani na hakusema kitu, na hilo pia lilimthibitishia.

Alhamisi ikafika. Karani akasoma, "Fedha chakavu, vipande viwili." Raya akanadi, "Bangili za mtu hizi. Yasmini nzima, haijakatwa. Nani ataanza?" Alitamani aanze mtu anayenunua vitu vya kale kwa kuvipenda, na siku hiyo hakuwepo hata mmoja. Aliyeanza ni Bwana Kheri. Kila mtu alimjua Bwana Kheri. Alinunua fedha kwa kilo, na jioni yake fedha hiyo ilikuwa maji ndani ya kalibu. Alinunua mikufu ya mabibi harusi waliokufa kama mtu anunuavyo chupa tupu. Wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bei na mizani, basi.

"Mara ya kwanza," Raya akasema. Hakuna aliyeongeza. Akangoja kuliko desturi. "Mara ya pili." Akainua kengele.

Hapo Mize akaingia mbio, kanga imemwanguka mabegani, akapita katikati ya wanaume.

"Da Raya, bibi anakuita. Anauliza kama umeshaulizia."

"Nimeshafanya nini?"

"Umeshaulizia. Bei ya bangili. Anataka kuzitolea zaka kesho, na hajui thamani yake."

Mkono wa Raya ukabaki juu na kengele ndani yake. Niuzie. Niulizie. Akayasema moyoni yote mawili, moja baada ya jingine, kwa kinywa kisicho na meno ya mbele, na hayakupishana hata kwa unywele.

Mnada ule ulikuwa na sheria mbili ambazo baba yake alimfundisha kabla hajamfundisha kushika kengele. Kitu kikishafika mara ya pili, hakirudi kwa mwenyewe, kitanunuliwa tu. Na dalali hanunui anachokinadi.

"Dada dalali," Bwana Kheri akasema, "mara ya tatu iko wapi? Au mkono umekufa ganzi?" Watu wakacheka.

"Ipo bei nyingine," Raya akasema.

"Ya nani?"

"Yangu."

Kicheko kikakatika. Mzee Ngwali, mkuu wa mnada, akasimama kutoka kitini. "Raya, sheria huijui?"

"Naijua, mzee. Nimefundishwa na baba." Akashusha kengele taratibu isilie, akapeleka mikono masikioni, akavua hereni zake. Zilikuwa za dhahabu, za mama yake, za umbo la mwezi mwandamo, na tangu mama afariki hazijawahi kutoka masikioni mwake. Akaziweka kwenye sahani ya mizani. "Bei yangu hii hapa."

"Dhahabu kwa fedha chakavu?" Bwana Kheri akauliza. Alikuwa anamwonea huruma kweli. "Dada yangu, umepatwa na nini?"

Mzee Ngwali akatazama hereni, akamtazama binti wa rafiki yake, akasema kwa sauti ya chini, "Bangili chukua. Kengele acha."

Hereni zikanadiwa palepale na dalali mwingine ili zipatikane fedha za kumpelekea mwenye bangili. Aliyezinunua ni Bwana Kheri.

Raya na Mize walikimbia. Walipofika mtaani walimkuta Salha kibarazani, kanga kaifunga kiunoni, akiwaambia watoto wapunguze kelele. Hawakuhitaji kuuliza. Wanawake hao watatu ndio waliomwosha Bi Asya. Salha alimimina maji, Mize alimsugua, Raya alimkausha, na bangili zilikuwa dirishani zikiwatazama. Sanda na ubani vikanunuliwa kwa fedha za hereni.

Siku ya tatu, hitima ilipokwisha na wageni kutawanyika, akabaki Harith, mtoto wa kaka yake Bi Asya, mrithi wake pekee. Akawaita wale watatu wakae mkekani. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na alizungumza akiwa ameinama.

"Kama bangili hizi ziliuzwa, ni za dalali. Kama hazikuuzwa, ni zangu kwa sheria. Lakini miaka kumi na tisa mimi sijamletea shangazi hata kilo moja ya sukari. Nikizichukua, nitaona haya kila nitakapozitazama. Haki yangu naiacha. Sitaiacha kwa asiyestahili, basi. Semeni."

Salha akaanza, kwa kuwa ndiye mkubwa.

"Mimi niliambiwa niwekee. Nikaweka. Kuweka si kazi ya kusimuliwa, haina nderemo, hakuna anayekuja kukuangalia unaweka. Lakini kama nisingeweka, huyu angevaa nini? Na huyu angeuza nini? Nimelala na njaa nikisikia fedha inagonga debe. Kila siku ya miaka saba niliamka nikaamua upya kwamba si yangu. Nionyesheni aliyefanya kazi kubwa kuliko hiyo."

"Uliweka, Bi Salha," Mize akasema. "Na ulivaa pia."

Salha akainua kichwa.

"Nilipokuja kuzichukua siku ile, sikubisha hodi vizuri. Ilikuwa adhuhuri. Ulikuwa umekaa peke yako umezivaa, umenyoosha mikono mbele hivi."

"Nilivaa," Salha akasema. Uso ulimwiva, ila sauti haikutetereka. "Mume amenikimbia, paa limenidondokea, nilivaa saa moja kwa siku nijione mtu. Kisha nikazirudisha zilipokuwa. Unataka nilie?"

"Sitaki ulie. Nataka useme yote."

"Basi na wewe sema yote. Uliambiwa nivalie. Mwaka jana mzima mikono yako ilikuwa mitupu. Nilikuwa nakuja kumjulia hali, namkuta kageuza shingo kuelekea jikoni anasikiliza. Zilikuwa wapi?"

Mize akatazama viganja vyake. "Sandukuni," akasema. "Nilikuwa nakanda unga wa maandazi ya biashara. Zinajaa unga, zinaniumiza, na mtaani vijana walikuwa wanazitazama. Nikaogopa. Nikamwambia bibi, leo nakanda. Kesho nikamwambia, leo nakanda. Mwishowe akaacha kuuliza. Alipozidiwa ndipo nikazivaa tena." Akainua uso. "Lakini miaka minane kabla ya hapo ni mimi. Nani alimgeuza kitandani? Nani alimlisha uji kwa kijiko? Alikuwa haoni, mlio wa bangili hizi ndio ulikuwa macho yake, na mlio huo ulitoka mkononi mwangu. Alinirudishia mwenyewe nilipotaka kumrudishia. Mtu anayekwambia nivalie, ukimrudishia anakasirika, amekuazima au amekupa?"

"Angekuwa amekupa angesema vaa," Raya akasema. Lilimponyoka.

Mize akamgeukia. "Wewe usiguse maneno ya bibi, da Raya. Uliambiwa niulizie, ukauza."

"Niliambiwa niuzie."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo mlangoni. Mimi nilikuwa mdomoni pake. Na uliziona zikiingia mkobani, ukanyamaza."

"Nilijua unakwenda kupima."

Raya akataka kujibu kama ajibuvyo sokoni, kwa neno kali linalomaliza biashara. Badala yake akashika sikio. Siku tatu hizo hakuwa na kengele, na ukimya uliokuwa katika sikio lake la kulia haukuwa wa kawaida. Kila alipolala alilisikia lile neno tena, na kila mara lilikuwa tofauti. Mara silabi ipo. Mara haipo.

"Sikio langu ni bovu," akasema hatimaye. Hajawahi kumwambia mtu. "Hili la kulia. Huenda alisema niulizie. Huenda alisema niuzie kwa ajili ya sanda, akakwambia wewe zaka usihuzunike. Sijui, na sitajua. Lakini haya nayajua. Nilipogundua kwamba huenda nimekosea, sikukimbia wala sikumtupia lawama karani. Bangili zilikuwa zinakwenda motoni. Leo tungekuwa tunagombea bonge la fedha iliyoyeyushwa. Nimezitoa kwa hereni za mama yangu, na hereni hizo sasa ndizo bonge. Nimezitoa kwa kengele ya baba yangu. Bi Asya amezikwa kwa dhahabu iliyotoka masikioni mwangu. Salha aliweka kisichokuwa chake, Mize alivaa kisichokuwa chake. Mimi peke yangu nimetoa kilichokuwa changu."

"Ulitoa kuzima moto uliouwasha mwenyewe," Salha akasema, bila ukali.

"Ndiyo, Bi Salha. Wangapi wanawasha na kuondoka?"

Mize akasema akiwa anamtazama Raya masikioni, kwenye vile vitundu viwili vitupu. "Ungekuja kuniuliza siku ileile. Nyumba ya pili tu."

"Ungekuja bohari Jumatano," Raya akasema. "Njia ileile."

Kisha wote watatu wakacheka kidogo, cheko la watu waliochoka, na Salha akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Chai ya Harith ilikuwa imetanda utando. "Nilikuja nikidhani kuchagua ni kazi nyepesi," akasema. "Nilidhani mmoja wenu atakuwa mwongo." Akazichukua bangili, akaziweka katikati ya mkeka, shina likielekea huku, ua likielekea kule. "Shangazi aliwaambia wote watatu *ni*. Niwekee, nivalie, na hilo la tatu lolote lilivyokuwa. Niwekee mimi, nivalie mimi. Na huyo *mimi* sasa yuko udongoni." Akainuka, akavaa viatu. "Nitapita Ijumaa baada ya sala. Nitakayemkuta amezivaa, sitamuuliza neno."

Akaondoka. Wakabaki wanawake watatu na bangili mbili. Salha alikuwa na mikono mapajani. Mize alikuwa ameificha yake ndani ya kanga. Raya aliiweka yake wazi juu ya magoti, viganja juu, kama anayengoja kusomewa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Basi nanyi mliokaa hapo mkitikisa vichwa, semeni. Msiniambie moja huku na moja kule, maana yasmini itakatika, na wao ni watatu. Msiniambie wavae kwa zamu, maana Bi Asya hakumwambia mtu niazime. Msiniambie ziyeyushwe zigawanywe sawa kwa mizani, maana hapo Bwana Kheri atakuwa amewashinda wote. Aliyeambiwa aweke, aliweka, na akavaa. Aliyeambiwa avae, alivaa, na akaweka. Aliyeambiwa aulizie, au auze, aliuza, kisha akanunua kwa alichokuwa nacho cha thamani. Kila mmoja alikosea neno moja, na kila mmoja alilipa. Ijumaa inakuja: Je, ni mkono wa nani uliostahili bangili za Bi Asya?